Jicho la Akiba

Wewe una macho mangapi?

Usicheke, swali si la kitoto. Utajibu mawili, kisha hutalifikiria tena. Adolfu, fundi matairi wa Kizwite pale Sumbawanga, alikuwa akijibu moja, na alilifikiria kila siku ya kazi, tangu alipovua koti asubuhi hadi aliponawa mikono jioni.

La kushoto lilikwenda miaka kumi na minne iliyopita. Hakupigana na mtu wala hakuanguka. Alikuwa ameingiza kichwa ndani ya tairi la lori, anakwaruza kwa tupa ya mkono mahali pa kubandika kiraka. Tairi likitoboka, huwezi kupaka gundi juu ya mpira laini na kutegemea ishike. Lazima ukwaruze kwanza, mpira uwe na vinyweleo, ndipo gundi inauma. Kwa tupa ya mkono kazi hiyo inakutaka uingie mzima mzima kwenye tumbo la tairi, pua karibu na kidonda. Na ndani ya mpira zimo waya nyembamba ambazo tairi likichanika hujitokeza, na ukizigusa hukatika. Moja ilikatika. Adolfu alifikicha jicho, akaliosha kwa maji ya ndoo, akamaliza kiraka cha mteja. Siku ya tatu jicho lilikuwa giza. Hospitalini wakamwambia laiti angekuja siku ileile. Mteja wa siku ile alikwenda salama, na hadi leo hajui.

Hivyo ndivyo mahindi ya Ufipa yanavyofika sokoni. Watu husifia mkulima, husifia dereva, husifia hata barabara. Hakuna anayeuliza ni nani aliyeingiza kichwa ndani ya tairi.

Basi jicho la kulia likabaki linafanya kazi ya yote mawili. Adolfu alizoea. Alizoea kugeuza shingo nzima ili aone aliyesimama kushotoni kwake, na alizoea kukosea umbali, akimimina chai pembeni ya kikombe huku mkewe, Salome, akijifanya hakuona. Kitu kimoja tu hakukizoea: kila alipoingiza kichwa ndani ya tairi, moyo wake ulisimama. Ana miaka arobaini na saba, shamba la ulezi kule Pito halitoshi, kazi nyingine haijui. Jicho hilo likienda, amekwisha. Alilijua hilo kama anavyojua jina lake.

Ndiyo maana mashine ilipokuja, aliipokea kama mgonjwa anavyopokea dawa.

Mwenye karakana, Mama Epifania, ni mfanyabiashara wa mahindi mwenye malori matatu. Si mtu mbaya. Niseme hivyo mapema, maana tukimfanya yeye shetani tutatulia na kulala usingizi. Alichoka kuona malori yake yakilala karakanani kila yanaporudi kutoka njia za Kipili matairi yamechanwa na mawe. Akanunua msasa wa hewa, mashine ndogo inayoshikwa kwa mikono miwili, ina tupa ya mviringo yenye meno mbele yake, na inaendeshwa na hewa ya kompresa. Akamtuma Adolfu Mbeya siku tatu ajifunze kwa fundi mmoja aitwaye Yohanes, mzee mkali mwenye vidole kumi kamili, jambo ambalo katika kazi hii ni cheti tosha.

Adolfu alirudi akiwa amekariri hatua zote kama mtoto wa komunyo ya kwanza anavyokariri sala. Tena aliziamini.

Asubuhi ya kwanza hakumruhusu mtu aiguse. Mwenzake wa kazi, Christopha, mwanamume wa miaka thelathini na mbili kutoka Msanzi, mwenye mke, watoto wawili na mdomo usiojua kupumzika, alikaa juu ya ringi akamtazama.

"Kaka, unaifunga mashine au unaibariki?"

"Acha kubwabwaja, njoo uone."

Alianzia chini ya tangi la kompresa, kwenye kikoki ambacho hakuna aliyewahi kukifungua tangu inunuliwe. Alipokizungusha yakatoka maji mekundu kama chai ya rangi, yakamwagika hadi kwenye viatu vya Christopha.

"Hee! Maji yameingiaje humo?"

"Ukungu wa huku kwetu. Kompresa inavuta hewa na unyevu wake. Haya yakifika kwenye mashine yanaiozesha tumbo. Kila asubuhi tunayamwaga kwanza."

Kisha akafunga kikopo cha kudhibiti hewa, chenye geji juu yake, akakizungusha pole pole mpaka mshale ukasimama kwenye tisini. Kompresa ilikuwa na uwezo wa kutoa zaidi, na Christopha akasema si wangeipa zaidi ikimbie.

"Ikikimbia kuliko ilivyoumbwa, tupa inapasuka," Adolfu alimjibu. "Na vipande havichagui pa kwenda."

Alipuliza kwanza nje mpira wa hewa, ule mrefu utokao kwenye kompresa, vumbi litoke, akauchomoa tena. Aliweka matone manne ya mafuta mepesi kwenye mdomo wa mashine. Alifunga tupa wakati mpira wa hewa uko chini, haujachomekwa, akakaza kwa spana mbili, akaizungusha kwa kidole kuona kama inayumba. Halafu akakiminya kibonyezo, kile cha kuwashia, akakiachia. Kikarudi. Akarudia mara tatu.

"Hiki ndicho breki yako," akasema. "Ukiachia mkono, mashine inakufa. Kisiporudi chenyewe, hatufanyi kazi. Na mzee Yohanes alisema anayechomeka hewa akitazame kwa jicho lake kabla hajachomeka. Asimuulize mwenzake. Akitazame."

"Kwa hiyo wewe utakitazama nusu," Christopha akasema.

Wakacheka wote wawili. Adolfu akavua koti. Ulikuwa mwezi wa tano, upepo ulikuwa unashuka kutoka milima ya Mbizi kama umetumwa, na mtu anayevua koti Sumbawanga saa mbili asubuhi ya mwezi wa tano lazima awe anaamini kitu. Mkono wa koti ukinaswa na tupa, mkono wa mtu unafuata. Akavaa miwani ya kazi, ile pana inayoziba hadi pembeni, akafunga puani kitambaa cha kitenge alichoshonewa na Salome, akaziba masikio kwa pamba. Tairi lilikuwa limefungwa kwenye stendi, tundu limezungushiwa chaki. Akatazama kibonyezo. Akachomeka hewa.

Mashine ikaimba. Adolfu aliishika kwa mikono miwili, akaigusisha kwa wepesi, akiipeleka na kuirudisha bila kuituliza mahali pamoja, maana ukiituliza mpira unaungua, na ukishasikia ile harufu jua gundi haitashika. Vumbi jeusi likaruka. Dakika chache tu, alama ya chaki yote ikawa na vinyweleo vizuri kama mahameli, na nyuzi za ndani hazijaguswa. Kwa tupa ya mkono ilikuwa kazi ya nusu saa. Na kichwa chake kilikuwa nje ya tairi, umbali wa mkono mzima.

Alichomoa hewa, akavua miwani, akamtazama Christopha huku uso wote mweusi kasoro duara moja kubwa machoni.

"Miaka kumi na minne!" akasema, na kicheko kikamtoka ambacho Christopha hakuwahi kukisikia pale kazini. "Kumbe kichwa kinaweza kukaa nje!"

Jioni ile aliomba rangi nyeupe, akaandika ukutani kwa herufi kubwa zilizopinda: MWAGA MAJI. VUA KOTI. VAA MIWANI. KATA HEWA UKIBADILI TUPA. TAZAMA KIBONYEZO.

Miwani ilikuwa moja. Ndivyo boksi lilivyokuja. Lakini mashine ile inarusha vipande banda zima, na Yohanes alisema aishikaye na aliye karibu naye wavae wote. Adolfu alimfuata Mama Epifania dukani kwake, katikati ya magunia.

"Mama, shikamoo. Miwani iko moja na sisi tuko wawili."

"Marahaba, Adolfu. Mashine si iko moja?"

"Iko moja, Mama, ila vipande vinaruka hadi kwa mwingine."

"Basi mwingine asogee." Akaona Adolfu hajaondoka. "Haya, safari ijayo ya Mbeya nitawakumbuka."

Safari ijayo ikaja, na nyingine, na nyingine. Lori lilileta betri, lilileta springi, lilileta hata mabati. Miwani haikuja. Wakati huo Christopha, aliyekuwa na mikono ya haraka, ndiye aliyezidi kushika mashine, na Adolfu alikaa hatua tatu kando yake akikwaruza matairi madogo kwa tupa na kubandika viraka. Siku ya kwanza walipokaa hivyo, Adolfu alivua miwani akamnyooshea mwenzake. Christopha akaisukuma.

"Vaa wewe, kaka. Wewe unalo moja. Mimi la pili ni la akiba."

Adolfu alicheka, akaivaa tena. Kwa nini asicheke? Utani ulikuwa mzuri. Kisha ulikuwa na huruma ndani yake, na mtu akihurumiwa kwa utani haoni haya. Dereva mmoja alikuwepo, akausikia, akaupeleka dukani, na Mama Epifania naye akacheka. Ukawa utani wa karakana. Mgeni akiuliza mbona huyu ana miwani na yule hana, anajibiwa: yule ana akiba.

Mwezi wa saba mahindi yakashuka kutoka vijijini. Malori yakajipanga mbele ya karakana tangu alfajiri, yametoka Msanzi, yametoka Nkasi, madereva wamejikunyata ndani ya makabuti wakipiga honi. Baridi ilikuwa inauma vidole hadi vinakataa kukunjuka. Ndipo Christopha alipofanya kile ambacho fundi matairi yeyote angekifanya.

Nenda karakana yoyote ya matairi ya kwetu. Kila kitu kimefungwa kwa ukanda wa tyubu. Mguu wa benchi umefungwa kwa tyubu, mlango umefungwa kwa tyubu, redio, mpini wa nyundo, kandambili ya fundi, yote tyubu. Mkono wa fundi matairi haufikiri mara mbili. Christopha akakata ukanda, akauzungusha kwenye kibonyezo, akakaza. Sasa mashine ilizunguka yenyewe muda wote hewa ilipochomekwa, na vidole vyake vikapumzika.

Adolfu alipouona ukanda ule aliukata kwa wembe bila kusema neno. Kesho yake ukawepo mwingine. Akaukata tena, na safari hii akasema.

"Christopha. Breki umeifunga."

"Vidole vimekufa kwa baridi, kaka. Nifanyeje?"

"Pumzika. Ota moto."

"Nipumzike?" Christopha akanyoosha mkono kuelekea barabarani, kwenye foleni ya malori. "Waambie hao wapumzike. Wewe siku hizi ni fundi au katekista?"

Mafundi wa banda la jirani wakaangua kicheko. Adolfu akarudi kwenye tupa yake. Mara ya tatu alipoona ukanda hakuukata. Nalisema hili bila kumtetea. Alichoka kuchekwa, na yeye ndiye mwenye miwani. Mtu aliyevaa miwani anawezaje kumhubiria asiye nayo?

Ikawa Jumatano, saa tisa alasiri. Lori la Mama Epifania mwenyewe lilikuwa limepakia, linasubiri tairi moja la nyuma. Beda, dereva wake, alikuwa anazunguka akipiga mateke mawe.

"Nyie! Mnakwaruza tairi au mnasali rozari?"

"Tumefika fumbo la nne!" Christopha akamjibu, na watu wakacheka.

Tupa ilikuwa imekwisha meno. Christopha akachomoa hewa, kama ukuta ulivyosema, akabadili tupa, akakaza. Hilo alilifanya sawasawa. Kisha akaingiza mashine ndani ya tairi, akainamisha na kichwa kufuatisha, apate kuona amefikia wapi. Adolfu alikuwa kwenye kompresa, mwisho wa mpira wa hewa ukiwa miguuni pake. Christopha alikuwa kushotoni kwake. Upande usio na jicho.

"Kaka, chomeka!"

Adolfu akaokota mpira. Alitakiwa ageuze shingo. Kitendo cha kupepesa tu.

"Umeachia?" akauliza.

"Chomeka bwana!"

"Chomeka, jua linakwenda!" Beda naye akapaza sauti.

Akachomeka.

Mashine haikuimba, ilibweka. Ilirukaruka ndani ya tairi kama kitu kilichofungiwa, ikala mpira, ikala waya, na Adolfu akachomoa hewa kabla hajajua kwamba ameshachomoa. Pakawa kimya. Christopha akatoka ndani ya tairi taratibu, kiganja juu ya jicho la kulia, akasema kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya mtu anayeomba chumvi:

"Kaka, niletee maji ninawe."

"Hapana maji," Adolfu akasema. "Usifikiche. Toa mkono. Usifikiche!" Na akasikia kwamba yeye ndiye anayepiga kelele.

Alimpakia kwenye bodaboda, yeye akakaa nyuma, amemkumbatia mikono yote miwili kwa nguvu ili asipeleke mkono jichoni. Hospitalini hawakukawia. Daktari mwanamke alitazama kwa taa yake, akatazama tena, akauliza ilitokea saa ngapi. Waya ulikuwa umezama. Kesho aende Mbeya, akasema, ila hakusema aende kuponywa. Alisema aende ili lisije likaharibu na la pili.

Jovina, mke wa Christopha, akafika na mtoto mgongoni, kitenge amekifunga upande. Hakulia. Alimwangalia Adolfu, na miwani iliyokuwa bado inaning'inia shingoni mwa Adolfu, akakaa kitako sakafuni. Adolfu akaivua miwani akaisokomeza mfukoni, kana kwamba ameiiba.

"Ni mimi niliyechomeka," akamwambia Christopha. "Sikutazama."

Christopha alikuwa ameshafungwa bandeji nusu ya uso.

"Akiba imetumika, kaka," akasema. Safari hii hakuna aliyecheka.

Je, kosa ni la nani? La aliyefunga ukanda? La aliyechomeka? La aliyeahidi safari ijayo? La dereva mwenye haraka, au la sisi tunaotaka unga uwe dukani asubuhi? Kila mmoja alishika kipande kidogo tu cha kosa, kidogo kiasi cha kutosha kulala nacho. Jicho ndilo halikugawanyika.

Kesho yake Adolfu aliamka ana mawazo mawili tu. La kwanza, kuukata ule ukanda. La pili, kumwambia Mama Epifania kwamba mashine haizunguki tena mpaka kila aliye chini ya banda awe na miwani yake. Alikuwa ameyapanga maneno, na Salome alimsikiliza akiyarudia huku anafunga viatu. Ukungu ulikuwa umeziba njia yote, akapita kwa kufuata sauti za jogoo na honi.

Kabla hajaiona karakana, aliisikia mashine. Ilikuwa inaimba.

Kwenye stendi alisimama mtu asiyemjua, mrefu, koti lake kubwa mikono inaning'inia hadi kwenye vidole. Uso wake ulikuwa wazi. Kichwa kilikuwa ndani ya tairi. Ukanda wa tyubu ulikuwa palepale kwenye kibonyezo, ukanda uleule, na doa la damu ya jana. Nyuma yake, ukutani, rangi nyeupe ilikuwa bado inasomeka vizuri.

Adolfu akachomoa hewa. Mtu yule akatoa kichwa, akageuka, akatabasamu.

"Shikamoo, kaka. Mimi Leonsi, wa hapo Pito. Mama kaniita jana jioni."

"Vua koti," Adolfu akasema. Akatoa miwani mfukoni, akamnyooshea. "Vaa hii."

Leonsi akaitazama miwani, akamtazama Adolfu usoni, upande wa kushoto, akarudisha mikono nyuma kwa adabu.

"Hapana, kaka, hiyo ni yako. Mama kaniambia utaratibu. Mimi bado ninayo mawili."

Honi zikalia. Mama Epifania akatokea kwenye ukungu amejifunika shuka, macho yamevimba kama mtu aliyelia, maana kweli alikuwa amelia. Hakumgombeza mtu. Aliinama, akauokota mpira wa hewa miguuni pa Adolfu, akaufuta tope kwa ncha ya shuka lake, akauchomeka.